Mdudu Mwenye Jina la Mama Mkwe

Siku hiyo mjinga alikuwa Gusil. Hili halina ubishi, wala hakuna haja ya kumtafutia shahidi, maana mwenyewe hulikiri kila afikapo nusu ya mtungi wa pombe ya mchele. "Kijiji kizima kilikuwa na akili zake," husema, "mimi peke yangu zangu nilizisahau msituni." Halafu hucheka na kulipapasa tumbo lake, kama mtu anayehakikisha kwamba bado halijavimba.

Tumbo hilo lina kisa chake, tutalifikia.

Nyumba ya Gusil imeegemea kilima kimoja juu ya mji wa Tambunan, na kilima hicho kilikuwa mali ya mama mkwe wake. Alikirithi kwa baba yake mzazi, si kwa mumewe, na tangu enzi za huyo baba hakuna aliyeangusha humo mti hata mmoja. Sasa mwanawe wa kiume, Majupi, alikitaka. Alitaka kukifyeka chote apande tangawizi. Msumeno wa injini alikwisha kuuazima, na ulikaa barazani kwake umefunikwa gunia kama maiti inayongoja ndugu. Mama mtu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tu: "Jumapili, tukishatoka kanisani, tukishakula, nitatoa neno langu."

Gusil alikuwa na siku sita za kukiokoa kilima kisichokuwa chake.

Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe alikula ujana wake kwa kuangusha miti. Miaka ishirini katika kambi za magogo, hadi sikio lake la kushoto likabaki na msumeno ndani yake, unaovuma mpaka leo. Aliporudi nyumbani alikuwa na mgongo mbovu na hana hamu ya lolote. Ndipo mchana mmoja, ukungu ukiwa umeshuka, akaketi juu ya gogo kule kilimani, na kijiti kilichokuwa kando ya goti lake kikainuka, kikayumba mara mbili kama mlevi anayetafakari, kikaondoka zake.

Gusil hakusogea. Alikitazama kikienda, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini lile sikio lake likanyamaza.

Ukungu wa kule hauji kama mgeni, huja kama mwenye nyumba. Saa nane mchana unaingia bila hodi, unafunika mihogo, unafunika choo, unafunika mbwa, hadi inabaki sauti ya mbwa tu ikielea peke yake. Na ndani ya ukungu huo msitu husahau kujifanya. Vile vilivyokaa kimya kutwa kwa kuwaogopa ndege huanza kunyoosha miguu. Tawi linakula jani. Gome lenye kuvumwani linageuza shingo. Uzi wa kushonea unavuka njia kwa hatua sita ndefu, ukisita katikati kana kwamba umekumbuka kitu ulichoacha nyumbani. Kuna mmoja mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, anayening'inia kama ufito ulioanguka ukanaswa. Na kuna mwingine mdogo, rangi ya matope, ambaye ukimgusa hufungua ghafla mabawa ya waridi, kama mwanamke anayefungua mwavuli mbele ya uso wako ili usimwamkie.

Gusil alidhani wote ni mdudu mmoja mwenye nguo nyingi. Aliyemtoa tongotongo ni Daktari Felisia, mwanamke wa pwani aliyefanya kazi katika makumbusho huko mjini. Alikuja na viatu vya mpira, na kazi yake ilikuwa kuwapanga wadudu vijiti katika koo zao.

"Usiseme kijiti," alimwambia siku ya kwanza. "Ni sawa na kusema mtu. Mtu yupi? Wa ukoo gani? Katika kisiwa hiki chetu aina zao zinapita mia tatu, na kila mwaka tunapata nyingine."

Akamfundisha kutazama vipapasio: hawa virefu kuliko paja la mguu wa mbele, wale vifupi, basi hao si wa nyumba moja. Akamfundisha kutazama miiba, mabawa na visigino. Mwishoni akamfunulia kiganja, na ndani yake mlikuwa na mbegu tatu ndogo, kila moja na kifuniko chake kama chungu.

"Haya ni mayai. Kijiti mwenyewe ni mwongo, ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Lakini yai lake halidanganyi. Kila aina na yai lake. Wengine hulidondosha tu, wengine hulifukia, wengine huligandisha kwenye jani. Na majike wengine hutaga bila kumwona dume maisha yao yote, na watoto wanatoka vilevile."

"Bila dume kabisa?"

"Kabisa."

"Usimwambie mke wangu," Gusil alisema.

Tangu hapo nyumba yake ikajaa vizimba vya chandarua. Alitandika magazeti chini yake, na mchana akijinyoosha kupumzisha mgongo aliyasikia mayai yakianguka: tik. Kimya. Tik, tik. Kama mvua isiyo na haraka. Alilala kwa mlio huo, na mara nyingi aliota ndoto moja: anapanda kilima ndani ya ukungu, na kila tawi linamwamkia na kujitambulisha, mimi ni mjomba, mimi ni shangazi, mimi ni binamu wa upande wa mabawa. Alikwisha kuhesabu aina thelathini na mbili. Na katika ndoto, kila mara, pale juu kabisa, tawi moja nene lilimgeukia na kumwuliza: "Na mimi je? Mimi nani?"

Basi huyo wa ndotoni akampata akiwa macho. Jike mnene, mwenye miiba mgongoni na mashavuni, rangi ya kuvumwani lililolowa, na anatembea kwa madaha ya mtu mwenye mali. Gusil akampiga picha, akamtumia Felisia kwa simu. Jibu likaja: "Huyu sijapata kumwona. Huenda ni mpya. Mtunze, kusanya mayai, na fikiria jina."

Palepale alipomkuta alikuta na mwingine, mwembamba kama unyasi, mwenye mabawa marefu, hana mwiba hata mmoja. Huyo hakumtaja. Aliona amwekee daktari kama zawadi ya kushtukiza: wapya wawili kwa mpigo! Akawatenga, kila mmoja kizimba chake. Mnene akataga. Mwembamba hakutaga. Gusil akambadilishia majani: ya mpera, ya mforosadi, ya miti ya porini. Hakutaga. Akamsogeza dirishani, akamrudisha gizani, akamwimbia. Miezi mitano.

Ilipokuja habari ya Jumapili na msumeno, Gusil akapata wazo, na wazo hilo lilimfurahisha hata akashindwa kula. Nani atakubali kufyeka kilima anakoishi mdudu mwenye jina lake? Alichukua karatasi, akaandika jina la mama mkwe wake, akalitia mkia wa Kilatini jinsi Felisia alivyomwonyesha. Sisi tusio wakwe zake tunaweza kulitaja: Intang. Mdudu akawa Intangae.

Mkewe, Bianih, alipoisoma karatasi alikaa chini.

"Wewe una wazimu. Jina la mkwe unalitaja?"

"Nimelitaja wapi? Nimeandika."

"Tumbo litakuvimba hadi upasuke."

"Mkono hauna tumbo, mke wangu."

"Na Jumapili atakapokuuliza mdudu anaitwa nani?"

"Daktari atasema. Nimemwalika. Yeye si mkwe wa mtu hapa."

Alijiona ana akili kama shetani. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, wanaomjua wanasema.

Jumapili ikafika. Wali uliofungwa kwenye majani ulikuwa mezani, na samaki wa mtoni, na achari ya tuhau, tangawizi ya porini, iliyonukia hadi njiani. Intang aliketi kwenye kiti chake karibu na mlango, mwanamke mpana, mzito, mwenye mikono ya kufinyanga dunia. Wakala. Ukungu ulikuwa umekwisha kuanza kuteremka. Gusil akaenda chumbani, na kwa kuwa alikuwa na mikono miwili tu na kizimba kizuri kilikuwa kimoja, akawatia wadudu wote wawili humo humo, akakileta mezani.

"Shemeji," Majupi akaanza, akijichokonoa meno, "leo vijiti vyako vitatuambia nini? Au tuvitie jikoni kwanza, viive?"

"Mama," Gusil akasema, akimpuuza, "kwenye kilima chako kuna kitu kisichopatikana popote duniani."

"Hata wewe hupatikani popote duniani, shemeji, na hatujakuandika kitabuni."

"Mwache aseme," Intang alisema. "Haya, mkwe. Kinaitwaje hicho kitu?"

"Jina lake, mama... limeandikwa hapo kwenye karatasi."

"Miwani nimeisahau kanisani. Nisomee."

Gusil akamgeukia Felisia. Felisia alikuwa ameingiza kichwa karibu chote ndani ya kizimba, lenzi jichoni, mayai kiganjani, na alikuwa amekwisha kuondoka katika dunia hii.

"Daktari, tafadhali, jina."

"Mm," Felisia akasema kutoka mbali.

Bianih alikuwa anahesabu mabati ya paa.

"Amelisahau!" Majupi akapiga meza. "Mtu katuletea ajabu ya dunia, na jina lenyewe halijui. Mama, huyu ni mdudu wa kawaida. Nimeshawaponda mia kama huyu kwa kiatu, na sikusikia dunia ikilia."

"Umemponda nani?" Damu ilimpanda Gusil. "Umemponda huyu? Huyu mnene mwenye miiba? Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwona kabla yangu! Huyu ni Intangae! Intang! Intang, jina la mama yako!"

Kijiko cha Bianih kilianguka. Hata mbwa aliyekuwa akijikuna chini ya ngazi aliacha mguu hewani.

"Mkwe," Intang alisema taratibu.

"Naam, mama."

"Huyo mnene mwenye miiba ndiye uliyempa jina langu."

"Ni... ni mzuri sana, mama. Kwa wanaojua mambo haya, ni mzuri sana."

Majupi alikuwa amelala ubavu juu ya benchi, machozi yakimtoka. "Tumbo lake!" alilia. "Mtazameni tumbo, linaanza!"

Gusil alijishika tumbo kwa mikono miwili. Ukweli ni kwamba alihisi kitu.

"Kuku mmoja," Intang akatoa hukumu. "Jike, anayetaga. Wa sogit, faini ya kuipoza nyumba hii kabla haijawaka."

Bianih alikwisha kutoka mbio. Nyuma ya jiko ikasikika purukushani, kisha kelele ya kuku aliyekamatwa bila kuelezwa kosa lake.

Intang alinyoosha mkono, akafungua mlango wa kizimba, akaweka kidole. Yule mnene akakipanda, mguu mmoja, mguu mwingine, akiyumba, akiwa na yule mwembamba juu ya mgongo wake kama mzigo uliosahauliwa. Ukungu ulikuwa umeingia hadi sebuleni. Nyuso za watu zilikuwa zimepungua makali, na meza ilionekana kuelea.

Miaka tisa ilikuwa imepita tangu Sogunting, mume wa Intang na mtu wa mwisho kumwita kwa jina, afariki. Kwa watoto alikuwa Mama. Kwa wajukuu alikuwa Odu, kama nyanya wote wa kijiji. Kanisani aliitwa mama yake Majupi, sokoni mke wa marehemu Sogunting, na zahanati walimsomea lile jina la ubatizo ambalo mara nyingi alisahau kuliitikia. Wakwe zake waliogopa matumbo yao. Wenzake wa utotoni walikuwa wamekwisha kwenda. Jina lake lilikuwa limekaa mahali fulani kwa miaka tisa, limejibanza kwenye tawi, halisogei, hata mwenyewe akawa analipita tu bila kuliona.

"Kuku keshakamatwa?" aliuliza.

"Keshakamatwa, mama," Bianih alijibu kutoka nje.

"Basi litaje tena, mkwe."

"Mama?"

"Kuku mzima kwa kutaja mara moja ni hasara. Litaje."

"Intang," Gusil alisema, safari hii polepole, na jina likatoka mdomoni mwake likatembea ndani ya ukungu kwa miguu yake yenyewe. Yule mama alifumba macho. Tik, yai likaanguka sakafuni. Hakuna aliyeliokota.

"Jamani," Felisia akasema. Alikuwa amerudi duniani, na uso wake haukuwa na habari njema. "Gusil. Huyu mwembamba umemtoa wapi?"

"Palepale! Nilikuficha, daktari. Huyo ni mpya wa pili. Aina nyingine kabisa."

"Anataga?"

"Bado. Miezi mitano namngoja. Nadhani ana haya."

Felisia alikaza midomo. "Hana haya hata kidogo. Sogeeni mtazame anachofanya hapa mbele za watu."

Wakasogea. Wakatazama. Majupi ndiye aliyeelewa kwanza, na ikabidi ashike nguzo.

"Shemeji! Umemngoja dume atage! Miezi mitano! Uliimba, sivyo? Dada aliniambia uliimba!"

Nyumba iliangua kicheko, na Bianih aliyekuwa mlangoni na kuku kwapani alicheka hadi kuku naye akatikisika. Gusil alitamani awe gome. Yeye, bingwa wa vipapasio na visigino, alikuwa amemwoza mdudu kizimbani kwake bila kujua, na aliyemwoza ni mume kwa mke wake.

"Dume huyu anajulikana tangu zaidi ya miaka mia," Felisia alieleza wakishatulia. "Yuko mmoja tu, kwenye sanduku la makumbusho huko Ulaya, amechomwa sindano, na chini yake wameandika: jike hajulikani. Leo tumemjua. Kwa watu wa kazi yangu hii ni sherehe, Gusil, naapa. Lakini mpya si mpya. Ni aina moja, na sheria yetu haina huruma: jina la kwanza ndilo linalokaa. Wamepewa jina la Mzungu mmoja, na sidhani kama aliwahi kukanyaga huku."

"Na lile la... lile lingine?" Gusil aliuliza, akikwepa faini ya kuku wa pili.

"Halina pa kukaa."

Intang alikuwa bado na wadudu wawili kidoleni. Hakuinua macho. Gusil alimtazama, akajua sasa ni nini alichokuwa amempa yule mama, na kwamba kilikuwa kimenyang'anywa kabla chai haijapoa.

"Hata hivyo, mama," alisema kwa sauti ndogo, "kilimani wako thelathini na wanne..."

"Thelathini na watatu," Majupi alimsahihisha. "Wawili wamekuwa mmoja, hukusikia? Na vijiti thelathini na vitatu kwetu ni kuni za kuchemshia uji." Akasimama, akajifuta machozi ya kicheko, akavaa uso wa kazi. "Mama, sasa tuzungumze kama watu wazima. Tumekula, tumecheka, kuku tumepata. Huyo mdudu si mpya. Jina lako alilopewa limefutwa. Hana chake, anaitwa kwa jina la mumewe. Ni mke wa mtu tu. Mke wa mtu tu ndiye wa kuachiwa kilima kizima?"

Intang aliwarudisha wadudu kizimbani kwa uangalifu, wote wawili pamoja, akafunga mlango. Ndipo akamtazama mwanawe.

"Hata mimi ni mke wa mtu tu, Majupi. Sasa hicho kilima unamwomba nani?"